Bunduki ya Zamu

Walitupandisha mpaka ghorofa ya kumi na nne kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikataa bunduki. Ilikuwa moja tu, ya mfano, haina risasi hata moja, lakini lifti za wizara siku hizi zinanusa mtutu na kugoma. Mbele alitangulia Meja Sankale, mwenyekiti wetu, ofisa mstaafu mwenye tumbo la mstaafu. Katikati mimi na bunduki begani. Nyuma Nasieku, mjane wa Parsaloi, ndani ya shuka jipya ambalo chama kilimpa asubuhi ile. Lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

Meja hakungoja hata pumzi zitulie, akaanza kutupanga. Nasieku aliambiwa asiseme kitu mpaka aulizwe, na akisikia jina la marehemu likitajwa mara ya pili, hapo ndipo alie. Nasieku alimtazama vile mtu anavyomtazama mbuzi anayekohoa. Mimi nikaambiwa nijibu maswali ya chuma tu.

"Hawa watu wana digrii tatu tatu," Meja alisema. "Wewe, Mghanga, uliishia darasa la sita. Mengine niachie."

"La tano," nikamwambia.

Chama chetu ni cha wamiliki wa silaha wa Bonde la Lemisik, watu mia tatu na kumi wenye leseni. Ijumaa ujumbe wa serikali ulikuwa unaruka kwenda Geneva kwenye mazungumzo ya silaha ndogo, yaliyokwama miaka saba kwa jambo moja: kufuli. Mkataba ukipita, kila bunduki ya raia itafungwa kufuli ndani ya mwaka mmoja, na isiyoweza kufungwa itayeyushwa. Sisi tulikuja kuiambia serikali yetu ikatae.

Kufuli lenyewe halizidi kidole gumba. Linakaa ndani ya mshikio wa bunduki na kusoma mishipa ya damu ya kiganja. Likikujua, pini inaachiwa na risasi inatoka. Lisipokujua, utavuta kifyatulio mpaka kidole kikatike, na unachopata ni mlio kama wa mtu anayebofya kalamu. Kila unapovuta, linaandika kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Mwaka jana wizara ilileta makufuli thelathini Lemisik yajaribiwe, na kwa sababu mimi ndiye fundi bunduki pekee bondeni, niliyafunga mimi. Niliandikisha viganja vinane kwa kila bunduki. Leseni huwa na jina moja, lakini kwetu bunduki inatoka na yule anayechunga siku hiyo. Leo kaka, kesho shemeji, keshokutwa jirani. Tunaiita bunduki ya zamu. Wizara iliambiwa, ikakubali, na kwa miezi miwili makufuli yalifanya kazi bila kosa.

Hilo ndilo lililomkera Meja. Alikuja karakana yangu Jumatatu moja, siku tano kabla ya maonyesho ambayo wageni wa nchi za nje walikuwa wanakuja kutazama wachungaji wakipiga shabaha. Akaniambia nifute viganja. Nibakishe kimoja, cha mwenye leseni, wengine wakataliwe mbele ya wageni, na mkataba uzikwe palepale Lemisik. Nisimwambie mtu, maana siri ya watu thelathini si siri. Baada ya maonyesho nitavirudisha.

Nilikubali. Sitasema nililazimishwa. Mkataba ukipita, bunduki za kufuli zitafungwa kiwandani na fundi hataruhusiwa kuzifungua. Mkataba ule ulikuwa unakuja kunifukuza kwenye kazi ya miaka thelathini na moja, na nilikuwa na hasira nao. Nikajiambia hakuna nyumba inayobaki mikono mitupu, kila bunduki bado ina mtu wake mmoja. Mimi, niliyeandikisha viganja vile kimoja kimoja, nikaitazama karatasi ya leseni kama mgeni kutoka Nairobi na kuona jina moja likinitosha. Kwamba mwenye jina huwa yuko nyumbani, na bunduki iko malishoni na mtu mwingine, nilikuwa najua vizuri. Nikaamua kutokujua kwa siku tano.

Siku ya nne, Ijumaa, wezi wa mifugo walimkuta Parsaloi na ngamia wa kaka yake, bunduki ya kaka yake mkononi, magazini imejaa. Walimuua palepale. Hakuna risasi hata moja iliyotoka.

Na watu wakasema aliogopa. Wiki moja kabla yake alikuwa amempiga fisi kwa bunduki hiyohiyo, mbele ya mashahidi wanne. Bunduki ilikuwa inamjua, walisema, basi kilichokataa ni mkono. Watu wa rika lake hawakuja kumzika.

Polisi waliniletea bunduki niichunguze. Nikaifungua, nikatoa kadi, nikaiweka kwenye mashine. Mistari ya mwanzo ilionyesha kufutwa kwa viganja, siku, saa, na namba yangu ya fundi. Chini yake mistari ya Ijumaa ile ilikuwa inaanza. Nikazima mashine kabla ya kuisoma. Polisi nikawaambia kadi imeungua. Maonyesho hayakufanyika tena, viganja vya bunduki nyingine nilivirudisha usiku huohuo, na kadi nikaificha kwenye kasha la miwani. Siku ile ya ghorofa ya kumi na nne kadi ilikuwa mfukoni mwangu kwa sababu moja tu: Meja ana ufunguo wa karakana.

*

Waliotungoja walikuwa wawili. Katibu wa wizara, mwembamba, mwenye tabia ya kulainisha tai yake kila unapomalizia sentensi. Na Injinia Wambeti, mwanamke wa makamo aliyesimamia majaribio ya Lemisik, ambaye mara mbili alikula ugali kwangu na hakuwahi kujifanya bosi.

Injinia alianza. Tangu majaribio yaanze, bunduki nne za kufuli ziliibwa, na hakuna hata moja iliyofyatuliwa tena. Mbili zilikutwa zimetupwa porini. Ilikuwa kweli, moja niliiokota mwenyewe. Miaka iliyotangulia, alisema, bunduki kumi na moja za chama chetu ziliibwa na kuua watu wa chama chetu. Hiyo nayo kweli. Kaka wawili wa Nasieku wamo kwenye hesabu hiyo.

Meja akajibu kwamba bunduki za wezi zinavuka mpaka usiku na mchana, hazina kufuli wala leseni, na hakuna mwizi aliyealikwa Geneva. Bunduki mia mbili na zaidi za wanachama ni kuukuu, mshikio wake haupokei kufuli, zitayeyushwa. Nyumba mia mbili zitamlinda ngamia kwa fimbo. Kweli pia. Walikuwa wawili wanasema kweli kila mmoja upande wake, na mimi katikati yao na uwongo kwenye mfuko wa shati. Nilitamani kumpiga mtu.

Kisha Meja akamtaja Parsaloi. Kufuli limeua, akasema. Mtu mwaminifu, amesimama mbele ya mifugo yake, mashine ya wageni ikamgeuka. Akalitaja jina mara ya pili na kutua kidogo.

Nasieku hakulia. Alikuwa anatazama dirishani, ambako ndege mmoja wa serikali asiye na rubani alikuwa anaosha vioo.

Injinia akaomba bunduki ya mfano. Akaishika, akavuta, ikabofya. Akanipa mimi, nikavuta, pini ikagonga. Akasema kufuli hili limejaribiwa mara laki mbili na halijawahi kukataa kiganja linachokijua. Kiganja cha Parsaloi kiliandikishwa, na fomu ilikuwa mbele yake, yenye sahihi yangu. Kama kadi isingeungua tungejua. Sasa yeye kama injinia, alisema kwa sauti ya chini bila kumtazama mjane, analazimika kufikiri kwamba huenda kifyatulio hakikuvutwa.

Katibu akalainisha tai na kutangaza chai.

*

Kwenye korido kulikuwa na meza ya chai na maandazi. Meja aliingia na Katibu kwenye chumba kidogo cha pembeni, mlango ukafungwa. Nasieku akaja kusimama karibu nami na kikombe asichokinywa.

Alizungumza polepole, Kiswahili cha kuchagua maneno. Alinieleza ambayo tayari nilikuwa nayajua, lakini sikuwahi kuyasikia kwake. Kisimani sasa ananywesha wa mwisho, hata akifika wa kwanza. Kaka wa marehemu hataki mifugo yao ichanganyike na yake. Mwanawe mkubwa, yuko shule ya bweni, ameandika jina la babu mahali pa jina la baba.

"Nilikaa naye miaka kumi na sita," alisema. "Alikuwa mtu mkali. Hata mimi alinipiga kofi mara moja, nikamrudishia, akacheka. Mtu kama huyo anaogopa?"

Nikasema mauti ni kitu kingine.

"Sikuulizi mauti, fundi. Nakuuliza bunduki. Mtu anaweza kushika bunduki, adui yuko pale, akasahau kuvuta?"

Fundi anaweza kujibu swali hilo. Nimeona askari wa akiba wakiganda. Nimeona pia kadi.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Halafu akakirudisha kikombe mezani na kusema chai ya watu hawa ina sukari nyingi.

*

Tuliporudi ndani Meja alikuwa anatabasamu. Nilimjua akitabasamu hivyo. Ni tabasamu la mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa.

Katibu alieleza kwa lugha ndefu. Nitaifupisha. Serikali itaomba Geneva miaka kumi ya kungoja kwa maeneo ya wafugaji. Miaka kumi Lemisik isiguswe, bunduki kuukuu zisiyeyushwe, kila mtu abaki na chake. Ni yote tuliyoyataka na zaidi. Lakini ujumbe hauwezi kwenda na faili la majaribio lenye kifo kisicho na maelezo, maana nchi nyingine zitauliza. Kwa hiyo chama kitatia sahihi taarifa fupi kwamba marehemu, kwa hofu, hakufyatua silaha yake. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshachapwa. Ilikuwa mistari minne.

Meja akatoa kalamu.

"Meja," nikasema, "nusu saa iliyopita kufuli lilikuwa limeua."

"Na sasa tumeshinda," akajibu, bila kuinua uso. "Kaa chini. Mtu mmoja aliyekwisha kufa, kwa nyumba mia mbili zilizo hai. Hata huyu mama nyumba yake imo. Au hujui kuhesabu? Darasa la tano wanafundisha."

Nasieku alikuwa hajaelewa yote, kwa sababu Katibu alizungumza maneno ya ofisi. Akamuuliza Injinia karatasi inasema nini. Injinia akamwambia wazi.

Nasieku hakupiga kelele. Alimuuliza Meja kama ndiyo maana amemleta, ili ashuhudie akiandikwa mke wa mwoga na serikali pia. Meja akamwambia mambo ya serikali ni mapana, mama, utaelewa baadaye, chama kitakukumbuka. Kisha akaiweka kalamu kwenye karatasi.

Nataka ijulikane kwamba sikusukumwa na dini wala usiku wa majuto. Niliyabeba yale miezi minane na nilikula na kulala. Kilichonipandisha damu ni kalamu ile. Mtu ambaye hajawahi kuchunga hata siku moja tangu astaafu, ambaye bunduki zake tatu zinatolewa na vibarua, anaandika kwa mkono wake kwamba Parsaloi aliogopa, na anajua. Alijua vilevile kama mimi. Nikajua pia nikifungua mdomo miaka kumi imekwenda, bunduki kuukuu zimekwenda, na mwizi mwenye mtutu wa magendo atafika kwa mtu mwenye fimbo. Nyumba hizo nazijua kwa majina. Sikuzisahau nilipoingiza mkono mfukoni. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kuwaamulia.

Niliweka kadi juu ya karatasi yake.

"Haikuungua," nikasema. "Niliwadanganya polisi. Viganja nilivifuta mimi, siku nne kabla, na aliyenituma ni huyu."

Meja alisema fundi amelewa. Halafu akasema fundi ana kinyongo. Halafu, kwa kuwa Injinia alikwisha kuichukua kadi na anatembea nayo kwenye mashine ya kusomea iliyokuwa ukutani, akasimama na kumwambia Katibu kwamba lolote litakalotoka humo, mapatano yao yamekwisha fanyika kama waungwana. Katibu alikuwa ameacha tai yake. Akamwambia uungwana wa kitu gani, keti.

Meja hakuketi. Alitoka, na tukasikia viatu vyake ngazini. Katibu akapiga simu chini kwa askari, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili yangu.

*

Ukuta ukawaka mistari. Wa kwanza ulikuwa wangu: viganja saba vimefutwa, Jumatatu, saa nane na dakika ishirini mchana. Injinia akaanza kusoma yaliyofuata, lakini Nasieku akamzuia.

"Asome yeye."

Mimi kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Nilisimama karibu na ukuta, nikafuata kwa kidole. Ijumaa. Saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, kifyatulio kimevutwa, kiganja hakijulikani. Saa tatu na dakika kumi na moja, kimevutwa, kiganja hakijulikani. Tena. Tena. Kila mstari ni uleule, na sikuruka hata mmoja. Nasieku alikuwa anahesabu kwa vidole, akikunja kimoja kimoja, mikono ilipoisha akaanza upya. Katibu alisema yatosha, imeeleweka. Nikaendelea.

Nilipofika wa kumi na tisa nikasita, kwa sababu wa ishirini ulikuwa mbali. Kati yake kulikuwa na sekunde thelathini na nne zisizo na kitu.

"Hapo alikimbia?" Nasieku akauliza.

Nikasema sioni kinachoeleza. Injinia akasogea. Pembeni ya kila mstari kulikuwa na namba ndogo ambayo sikuwa nimeitilia maanani, na akatuambia ni ya usafi wa kiganja, jinsi mishipa ilivyoonekana. Mistari kumi na tisa ya kwanza ilikuwa na thelathini na nane, arobaini, thelathini na saba. Mkono wa mtu aliyeshinda na ngamia, wenye mafuta na vumbi. Kuanzia wa ishirini namba ilikuwa tisini na sita.

Injinia akavua miwani.

"Alipangusa mkono," akasema. "Alifikiri bunduki haimjui kwa sababu ya uchafu."

Nilimwona Parsaloi amepiga goti moja, wezi wanakuja, anapangusa kiganja kwenye shuka lake kwa makini, kidole kwa kidole, kwa sababu mimi siku ya kuandikisha nilimwambia mkono uwe safi. Hakunidhania mabaya. Alidhani kosa ni lake.

"Soma zilizobaki," Nasieku akasema.

Nikasoma. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu, saa tatu na dakika kumi na mbili. Baada ya hapo ukuta ulikuwa mtupu.

Askari wawili walikuwa wamefika mlangoni. Katibu akawaashiria wangoje, sijui kwa nini. Labda naye alikuwa mtu kwa dakika moja. Nasieku alishusha mikono yake mapajani, akanitazama kwa macho makavu.

"Saa hiyo," akasema, "wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa kazini. Usingekuwa uwongo mkubwa.

"Karakana. Nilikuwa nakunywa chai."

"Watakufunga," akasema. "Lakini kwanza watakuleta nyumbani, hata kama nitakaa kwenye ngazi hizi mwezi mzima. Utasimama mbele ya watu wa rika lake, usome zote ishirini na tatu kama ulivyosoma hapa. Na hiyo ya chai pia utaisema. Usiiruke."